Mfereji wa Mlangoni kwa Mkunga

Tuliachana wiki iliyopita, ndugu msomaji, nikiwa nimebandika sikio kwenye ukuta wa karakana ya mume wangu. Ndani kulikuwa na kicheko cha mwanamke.

Kama gazeti la wiki ile lilikupita, shika haya machache. Mimi ni fundi cherehani, na ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu wa bondeni. Mume wangu ni seremala. Mitaa ya juu ina lami, taa na miti ya kivuli. Sisi huku chini tunapokea maji yao machafu kila mvua inaponyesha. Sasa jiji limesema safari hii litagawa kwa haki. Mtaa mmoja, ule wenye shida kuliko yote, utajengewa mfereji mpya wa zege wenye mifuniko, na mhandisi atakuja kujionea mwenyewe.

Halafu yupo Mkunga. Alihamia kwetu juzijuzi tu, akaingia kwenye kamati, na tangu hapo mtu akiugua ni Mkunga, wapangaji wakigombana ni Mkunga, mtoto akigoma kwenda shule ni Mkunga. Mimi nimebaki wa kufungua kikao na kukifunga.

Na kicheko kile kilikuwa chake.

Nikasukuma mlango. Kwa mume wangu mwenyewe nipige hodi ya nini?

Mkunga alikuwa amekalia kigoda changu, kile ninachokalia mimi nikimpelekea mume wangu chai. Mume wangu alikuwa amesimama, penseli sikioni, ameshika mti mrefu uliopigwa randa mpaka ukang'aa.

“Karibu, Mwenyekiti,” Mkunga akasema. “Tulikuwa tunakusema sasa hivi.”

“Mnanisema au mnanicheka?”

“Vyote viwili,” mume wangu akajibu, kicheko bado hakijamtoka mdomoni. “Nilikuwa namsimulia ile mvua kubwa, ulivyopanda juu ya meza ya cherehani ukagoma kushuka mpaka nikubebe mgongoni.”

Alinikata maini. Habari ile ilikuwa yetu wawili. Hata mama yake mzazi, anayeishi nasi na kusikia mpaka mende akipita, hakuwahi kusimuliwa.

“Usikasirike, dada,” Mkunga akasema. “Nilimuuliza maji yalifika wapi. Tazama.”

Akauchukua ule mti. Ulikuwa na alama zilizochongwa kwa kisu.

“Hapa ni kwa Kinyozi. Hapa ni kwenu. Hapa ni kwa yule bibi wa kona, usawa wa godoro lake, na bibi alikuwa amelala. Mhandisi akija namsimamisha mlangoni kwangu, pale mfereji ulipo wazi, nauchomeka mti huu majini mbele ya macho yake. Aone mwenyewe tunavyoishi.”

Wazo lilikuwa zuri. Hapo ndipo paliponiuma. Lingekuwa baya, ningelala vizuri.

“Rafu yangu ya nyuzi nimeiomba tangu lini?” nikamuuliza mume wangu.

“Nitaitengeneza, Mama Watoto.”

“Utaitengeneza. Mti wa Dada Mkunga umeshatengenezwa.”

Alichukua ufagio akaanza kufagia maranda. Mimi nikajiambia, mwanamume aliyeanza kufagia bila kuombwa ana jambo.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa mlangoni.

“Mbona umevimba hivyo, mkwe? Umekula hamira?”

“Mama, yule Mkunga anafuata nini karakana kwa mwanao?”

“Kamuulize mwenyewe. Mimi mwanangu nilikukabidhi akiwa mzima. Kama umempoteza, usije kumtafuta kwangu.”

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Kikao cha mwisho kilifanyika katika banda la Kinyozi, kwa sababu ndilo lenye viti. Nikafungua kwa sala kama kawaida yangu, wakaitikia amina. Kisha Mkunga akasimama na mti wake, akaeleza alama moja baada ya nyingine. Hakushika karatasi. Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, na kila hotuba yangu naiandika na kuirudia mpaka taa inaanza kufifia. Yeye anafungua mdomo tu, maneno yanatoka kama maji ya bomba.

Nikaona watu wanavyomtazama. Nikasimama.

“Ndugu zangu, mgeni akija kwenu mnampokea sebuleni au mnampeleka chooni?”

“Inategemea kafuata nini, Mwenyekiti,” Kinyozi akasema. “Huyu kafuata choo.”

Banda zima likaangua kicheko. Nilingoja wamalize.

“Tutajidhalilisha. Watasema watu wa bondeni ni wachafu.”

“Uchafu si wetu,” Mkunga akasema taratibu. “Unashushwa kwetu. Tukiuficha, tutakuwa tumekubali kwamba ni wetu.”

Makofi yakalipuka. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa seremala mmoja aliyesimama karibu na mlango, ambaye mashati yake nayafua mimi.

Kamati ikakubaliana na Mkunga. Mimi, kama mwenyekiti, nikatangaza makubaliano hayo kwa mdomo wangu mwenyewe, nikafunga kwa sala.

Kabla ya kulala nilisali tena, na niseme ukweli niliomba nini. Niliomba: Mola, mpunguze huyu mwanamke. Sikuomba: Mola, nipunguzie mimi kijicho hiki. Nilipiga magoti muda mrefu, nikaomba kitu kibaya kwa moyo wangu wote.

Alfajiri ya siku ya mhandisi niliamka nikidhani nimejibiwa.

Mwanamume mmoja alikuwa anabisha mlangoni kwa Mkunga. Mkewe ameshikwa na uchungu, mtaa wa pili. Nikamwona Mkunga akitoka na mkoba wake, akitembea na huku anafunga kitambaa kichwani. Mume wangu naye alikwisha kuondoka kwenda kupachika mlango wa mteja. Njia ilikuwa nyeupe.

Hapa yafaa ujue mfereji wetu ulivyo. Sehemu kubwa unapita nyuma ya nyumba, kwenye vichochoro ambavyo mgeni mwenye viatu vizuri haingii. Mahali pekee unapotokea barabarani, mpana, mweusi, unanuka, ni mlangoni kwa Mkunga. Pale ndipo alipopanga kusimama na mti wake na kusifiwa.

Nikafungua karakana. Nikachagua mbao zilizopigwa randa vizuri, nyembamba, nyepesi kubeba. Mimi najua vitambaa. Kwenye vitambaa, kilicho laini ndicho bora. Nikadhani na mbao ni hivyo hivyo.

Nikapima upana wa mfereji kwa tepu yangu ya shingoni. Nikazitia mbao alama kwa chaki yangu ya bluu, kama ninavyofanya kabla ya kukata gauni, nikazipanga moja ubavuni mwa nyingine. Juu yake nikamwaga mchanga wa nyumba inayojengwa jirani, nikausawazisha kwa ufagio. Ukitazama, ungeapa pale hapajawahi kuwa na mfereji.

Kulipokucha nikawaamsha wanawake wa upande wetu. “Tufagie, jamani. Hata mwenye shida ananawa uso.” Hakuna aliyebisha. Tukafagia, tukaokota takataka, tukamwagia maji vumbi likatulia.

Kinyozi akapita mlangoni kwa Mkunga, akasimama akishangaa.

“Mkunga kaufunika mfereji? Si alisema atauonyesha?”

“Muulize mwenyewe akirudi,” nikasema.

Sikusema uongo. Nilisema maneno ya kweli kwa nia ya uongo, na mimi nikajisifu moyoni kwamba sikudanganya.

Mhandisi alikuja akiwa na viatu vyeusi vinavyong'aa. Mtaa mzima ulikuwa barabarani. Nikampokea, nikatembea naye polepole, yeye akitazama huku na huku.

“Pamependeza,” akasema.

“Tunajitahidi, mhandisi.”

“Naona. Kwa kweli huyu mwenyekiti wenu anafaa kupongezwa.”

Alilisema mbele ya watu wote. Nilijiona nimeongezeka kimo. Nikamtafuta mume wangu kwa macho aone mkewe anavyosifiwa, lakini alikuwa hajarudi.

Mhandisi akasimama, akakuna kidevu.

“Sasa mimi nikaandike shida gani ya hapa? Wenzenu wa ng'ambo ya reli nimewakuta maji yako uani. Hapa pakavu, pasafi. Mimi nimetumwa kutenda haki. Kwa haki, mfereji uende kwao.”

Nikageuka nikawatazama wenzangu.

Kinyozi akaniinamia sikioni. “Sebule imempendeza mgeni, Mwenyekiti.”

Na hapo, kwenye kona, wakatokea wawili. Mbele Mkunga, macho mekundu kwa uchovu. Nyuma yake mume wangu, amebeba ule mti begani. Wametokea pamoja. Hata katika hofu ile, ndugu msomaji, na mfereji wa mtaa mzima ukiniponyoka, kilichonichoma kwanza ni hicho: wametokea pamoja.

“Mhandisi, usiondoke!” Mkunga akaita. “Njoo mlangoni kwangu uone mfereji.”

“Mfereji gani, dada? Nimepita mtaa wote.”

“Huo hapo mbele yako, karibu na mlango wa…”

Ameuona mchanga.

Lakini mhandisi alikwisha kugeuka na kuanza kwenda, akitaka kuonyesha kwamba hakuna kitu.

Neno moja lilitosha. Simama. Nilikuwa nalo mdomoni. Ila ningelisema, wote wangeuliza nimejuaje. Nikafumba macho nikasali: Mola, mbao zishike. Ni sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, na ndiyo ninayoionea aibu kuliko zote.

Mbao hazikushika.

Zilivunjika kwa mlio mmoja, na mtu mzima na viatu vyake akazama kwenye maji meusi mpaka kiunoni. Hakuna aliyecheka. Hata Kinyozi hakucheka.

Mkunga aliruka ndani na gauni lake. Akampapasa mguu chini ya maji.

“Usiukanyagie. Umeteguka. Nishike begani.”

Mume wangu akautupa mti, akamshika mhandisi kwapani akamtoa, wakamkalisha kwenye kizingiti. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu. Kisha ukawa mwekundu kwa hasira.

“Nani kaufunika huu?”

Kila mtu akamtazama jirani yake.

“Nimeuliza. Aliyeniwekea mtego huu ajitaje hapa hapa. Kama ni kosa la mtu mmoja, nitalichukua kuwa la mtu mmoja, na shida yenu sasa nimeiona, nimeivaa mpaka kiunoni. Kama ni hila ya kamati, naondoka, na mfereji mtausikia kwa wenzenu.”

Mkunga alikuwa bado amesimama ndani ya mfereji. Mkononi ameshika kipande cha ubao uliovunjika. Nikamwona anakigeuza. Nikaiona alama ya bluu.

Akaitazama ile chaki. Akanitazama mimi. Tepu ilikuwa bado shingoni kwangu.

Kisha akaifuta kwa kiganja, taratibu, kama anavyopangusa uso wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

“Ni mimi,” akasema. “Hapa ni mlangoni kwangu. Nilifunika watoto wasitumbukie.”

“Umefunika mwenyewe, halafu unaniita nikanyage?”

“Nimekuwa kwa mzazi tangu alfajiri, mhandisi. Akili haikuwepo. Kosa ni langu, si la kamati. Mwenyekiti hakujua lolote.”

Ungekuwa wewe ungemshukuru. Mimi nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mwanamke aliyesimama kwenye kinyesi kwa ajili yangu. Hata kosa langu amelichukua, nikawaza, na amelivaa likamkaa vizuri kuliko ambavyo lingenikaa mimi.

“Na mbao umezitoa wapi?” mhandisi akauliza.

Hilo hakulitegemea. Kwa uongo, Mkunga si fundi.

“Mbao ni zangu,” sauti ikasema.

Mume wangu. Alikuwa ameokota kipande kingine, amekibana kifuani, upande uliokuwa juu umegeukia shati lake.

“Ni mbao za dari. Zimetoka karakana kwangu.”

“Ahaa,” mtu akasema nyuma.

Sauti ile ikapita katika watu kama upepo unavyopita kwenye nguo zilizoanikwa. Ahaa. Ahaa. Nikaona vichwa vikisogeleana.

“Za dari, tena zimepigwa randa!” Kinyozi akasema. “Mimi naomba benchi moja la wateja tangu sijaota mvi.”

“Na wametokea pamoja asubuhi hii,” mwanamke mmoja akasema. “Mmewaona?”

“Nilipita karakana kuchukua mti tu,” mume wangu akasema. “Tumekutana njiani.”

“Njiani!” Wakacheka kicheko kibaya.

Mama mkwe akapenya katikati ya watu akanijia. Nilidhani ananipiga kijembe, kumbe machozi yanamlenga.

“Mkwe wangu, uliniuliza mimi nikakufanyia mzaha. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unaona, na mimi nilikuwa kipofu.”

Akanikumbatia. Tangu niolewe hajawahi kunikumbatia.

Wanawake wakanizunguka. “Pole, dada.” “Pole, Mwenyekiti.” “Na ulivyo mtu wa sala!” Mmoja wao mtoto wake alizaliwa mikononi mwa Mkunga, na Mkunga ndiye aliyempulizia pumzi alipotoka kimya. Nilimwona akimfunika mtoto huyo mgongoni kwa khanga ili Mkunga asimtazame.

“Atoke kwenye kamati!”

“Ahame kabisa! Mume wa mtu!”

Mkunga alikuwa bado ndani ya mfereji na hakuna aliyempa mkono atoke. Mume wangu alisogeza mguu kwenda kumsaidia, watu wakapiga miluzi, akaurudisha.

Ndugu msomaji, vyote nilivyovitaka nilikuwa navyo. Mtaa mzima nyuma yangu. Mama mkwe begani kwangu. Mkunga chini. Na kile nilichokitunga mwenyewe kwa kusikiliza ukutani, ambacho hakikuwepo, sasa kila mtu alikuwa anakiona.

Mhandisi akainua mkono watu wakatulia.

“Mimi mambo ya nyumba zenu siyajui. Nataka kitu kimoja cha kuandika. Mwenyekiti ndiye atakayekisema, na nitakiandika kama atakavyokisema.” Akanigeukia. “Ni kweli wewe hukujua?”

Nikisema ni kweli, mfereji ni wetu. Yule bibi wa kona atalala mvua ikinyesha. Na mume wangu na Mkunga hawatainua nyuso mtaani hapa tena.

Nikisema si kweli, itakuwa ni hila ya kamati, kwa kuwa mimi ndiye kamati, na mfereji unakwenda ng'ambo ya reli.

Nikatafuta sala moyoni. Safari hii sikuwa na la kuomba. Nilijua ninachotakiwa kufanya, na ndiyo maana sala haikuja.

Mume wangu akakishusha kile kipande cha ubao kutoka kifuani. Akakigeuza kidogo tu, kwa namna ambayo mimi peke yangu ningeweza kukiona. Alama yangu ya bluu ilikuwa pale, nzima, imenyooka, mkono wangu usiofichika.

Yeye huniita Mama Watoto. Akiniita Mwenyekiti, huwa ni kwa utani, na huwa anatabasamu.

“Tunakusubiri, Mwenyekiti,” akasema. Hakutabasamu.

Nikainua mkono nikaivua tepu shingoni, mbele ya wote, na mpaka inafika kiganjani sikujua kama nilikuwa naificha au naionyesha.